Umechungulia Kwanza?

Kila mchana kengele ya chakula ikilia, wenzake hukimbilia foleni ya sahani, lakini msichana mmoja wa darasa la saba huenda kwanza ofisini kuchukua simu ya shule. Ndani ya simu hiyo kuna ramani ya shule nzima. Chumba kinachotumia umeme huwa chekundu. Akikigusa kwa kidole, umeme wake hukatika papo hapo. Ndiyo maana wakambandika jina la Swichi. Hata bibi yake alimwambia, "Mjukuu wangu, kidole chako kikae mbali nami, usije ukanizima kabla sijala."

Fundi umeme aliyefunga mitambo hiyo alimpa sharti moja tu: "Ukiona chekundu, nenda kachungulie, ndipo uzime."

Mwanzoni Swichi alichungulia kweli. Alizima feni zilizokuwa zikipepea madawati matupu, na taa zilizokuwa zikishindana na jua. Matumizi ya umeme yakashuka, akapigiwa makofi mstarini, na kichwa kikavimba kidogo.

Siku moja stoo iliwaka nyekundu. Stoo iko ng'ambo ya uwanja, na jua lilikuwa linachoma utosi.

"Majembe yanataka umeme wa nini?" alijisemea pale kivulini. Akagusa. Stoo ikawa nyeusi.

Kumbe ndani mlikuwa na vifaa vya kusikia vya Redio, mvulana wa darasa lake. Masikio yake hayasikii vizuri tangu utotoni, na jina hilo alijipa mwenyewe: "Mimi Redio, bila chaji sina habari." Kwao hakuna umeme, hivyo mwalimu wa darasa alimruhusu kuvichaji stoo, mahali panapofungwa kwa kufuli.

Alasiri Redio alivaa vifaa vyake, asijue kwamba havikupata chaji. Vilizimika akiwa katikati ya uwanja, ameinama anafunga kamba za kiatu. Nyuma yake lori la maji lilikuwa linarudi kinyumenyume. Watoto walipiga mayowe. Utingo aligonga bodi. Redio hakuinua kichwa. Dereva alikanyaga breki, lakini lori lilikuwa limeshamtupa chini. Mkono ukavunjika.

Kesho yake mwalimu mkuu alimwita fundi ofisini.

"Mitambo yako imekata yenyewe umeme wa stoo. Ing'oe yote, na kazi nyingine hapa hupati."

"Mwalimu, haikati yenyewe. Lazima mtu aguse."

"Anayegusa ni Swichi, na Swichi huchungulia kila chumba. Shule nzima inajua."

Swichi alikuwa mlangoni, simu mkononi. Angenyamaza tu, jina lake lingebaki safi. Fundi aliokota begi lake la vifaa taratibu, kama mtu aliyezeeka ghafla.

"Shikamoo, Mwalimu," Swichi alisema. "Ni mimi. Sikuchungulia. Niliogopa jua."

Mwalimu mkuu alivua miwani.

"Marahaba. Hayo utamwambia Redio mwenyewe, mbele ya mama yake."

Jioni hiyo walikwenda wote watatu, Swichi, mwalimu mkuu na fundi, nyumbani kwa kina Redio. Redio, mkono ndani ya plasta na vifaa vyake vimechajiwa hospitalini, alimsikiliza Swichi hadi mwisho.

"Sema tu ulichoka kelele zangu!" alisema.

Mama yake hakucheka. "Binti yangu, jana nilikimbia njia nzima nikidhani naenda kuchukua maiti."

Swichi alilia, na hakuna aliyembembeleza.

Wiki hiyo fundi alirekebisha simu. Soketi ya stoo sasa haizimiki kwa kidole, na kwa vyumba vingine simu huuliza kwanza: "Umechungulia?"

"Na mtu akijibu ndiyo wakati hajachungulia?" Swichi aliuliza.

"Hapo mimi sina waya wa kufunga," fundi alijibu. "Simu inaona umeme, mwanangu. Haioni mtu. Kuokoa umeme ni kazi njema, lakini ianze kwa miguu yako, na imalizike kwa ukweli wako."

Swichi alitazama ramani. Maktaba ilikuwa nyekundu. Akaweka simu mfukoni, akaanza kuvuka uwanja juani.