Kitu cha Arobaini na Moja

Wino uliisha katikati ya neno. Yohanes Hhando akafunga kaunta buku, akawaambia wangoje, akashuka mwenyewe hadi duka la Veronica kununua kalamu. Jua lilikuwa limebaki kimo cha mtu.

Angeweza kumtuma mtu. Hakutaka. Alitaka kupumua hewa isiyopumuliwa na watu wale.

Kwa siku tatu kitongoji kizima, huku juu ya kijiji cha Gehandu, kilikuwa kinamfuata mgeni mmoja aitwaye Clement kama ng'ombe wanavyofuata magadi. Clement alikuja na jezi ya mpira, kengele mbili za mbuzi kiunoni, na fimbo ya chuma. Siku ya kwanza alisema ametoka Sumbawanga. Siku ya pili ikawa Rufiji. Hakuna aliyemwuliza alihama saa ngapi. Kazi yake ilikuwa kunusa ardhi na kuonyesha mahali palipozikwa uchawi, nao wachimbe. Serikali inakataza ramli, kila mtu analijua hilo, kwa hiyo Herman, mwenyekiti wa kitongoji, aliliita jambo lile zoezi la usafi. Watu wazima, wenye vyeti vya ubatizo, wakaitikia: usafi.

Mwaka ule mahindi yalinyauka, na watu watano walikufa. Mmoja wao alikuwa Bernadina, mke wa Yohanes. Figo, alisema daktari. Watu waliposikia figo walitazamana, kama vile daktari naye ni mtoto mdogo wa kuonewa huruma.

Yohanes alikuwa katekista wa kigango kwa miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo alitunza stoo ya vipuri kwenye mashamba ya ngano kule Basotu. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini hakuna nati, beringi wala plagi ambayo asingeitaja jina hata akiipapasa gizani. Herman alipomwomba aandike kila kitakachofukuliwa, alitaka kukataa. Kisha akasikia adhabu waliyopanga. Mtu atakayekutwa na uchawi kwenye boma lake ataezuliwa paa, na kabla jua la siku ya pili halijazama awe amehama.

Akakubali, kwa sharti moja. Kila kitu kitajwe jina lake na kazi yake. Chenye jina ni takataka. Kisicho na jina, hicho ndicho wakiite wanavyopenda.

Walikubali haraka. Walidhani ardhi imejaa vitu visivyo na majina. Wakajikuta wanafukua kipande cha feni belti, vizibo vya soda, soli za kandambili, meno ya kombaini ya kuvunia ngano, kichwa cha mdoli. Maboma kumi na tatu, vitu thelathini na nane, na kila kimoja Yohanes alikiangalia, akakitaja, akakiandika kwa mwandiko wa stoo uliosimama wima. Kitu cha tisa aliandika hivi: betri ya tochi, haijapata kutu, haijamaliza wiki mbili ardhini. Akalisoma hilo kwa sauti, huku akimtazama Clement. Clement akatazama mawingu.

"Mwalimu," Veronica alimwuliza dukani kwa sauti ya chini, akimpa kalamu, "kwa Zita mtapata nini?"

"Takataka. Kama tulizopata kwako."

Veronica akacheka kidogo, kisha akaacha. Alisema watu wamekwisha kuamua. Zita ndiye aliyemwuguza Bernadina miezi yote ile, akamlisha uji kwa mkono wake. Aliyemlisha ndiye aliyemla, ndivyo walivyokuwa wanasema kisimani.

Yohanes akalipa kalamu. Alipanda kilima akimwomba Mungu amwondolee dharau moyoni, maana Jumapili angesimama mbele ya watu haohao. Mungu hakuiondoa. Pengine aliona inahitajika.

Zita alikuwa mjane, anaishi peke yake, na zizi lake lilikuwa tupu tangu ng'ombe wake wa mwisho afe. Walimkuta ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani, anawatazama wachimbaji kama mtu anayetazama kuku wa jirani. Katikati ya zizi ulisimama mti wa mgunga wa siku nyingi. Clement alikuwa amechomeka fimbo yake chini ya mgunga huo.

Kitu cha thelathini na tisa kilikuwa kipande cha kikombe cha bati. Cha arobaini kilikuwa pembe la mbuzi lililofungwa kitambaa chekundu. Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Yohanes akaliokota kwa vidole, akaligeuza.

"Kitambaa cha sare ya kwaya," akasema, "ile ya mwaka wa jubilei. Kimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Mshono bado unang'aa. Marafiki zangu, uchawi huu umeshonwa juzi."

Mtu mmoja akacheka. Herman akakohoa kuficha aibu. Marko, kijana mwenye familia yake, aliyeshika sururu, akaendelea kuchimba kwa hasira tu, kwa sababu wamefika mwisho na hawajapata kitu.

Hapo Clement akasema jambo ambalo hakulisema katika boma lolote.

"Basi. Funikeni."

Hakuna aliyemsikiliza. Sururu ikashuka tena. Ikagonga mzizi.

Kisha harufu ikapanda… Si ya samadi. Si ya udongo. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mikaratusi, yale ya kujipaka kifuani mtu anapobanwa na kifua.

Yohanes akapiga magoti kando ya shimo. Kina chake kilikuwa urefu wa mkono mzima, mpaka begani. Udongo wa chini ulikuwa mgumu, wa tabaka moja, haujaguswa na jembe. Mzizi wa mgunga, mnene kama kidole gumba, ulikatiza shimo kutoka upande hadi upande. Na juu ya mzizi huo paling'aa kitu.

Miwani.

Mzizi ulikuwa umepita ndani ya duara la jicho la kushoto kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano. Kioo hakikuwepo. Cha kulia kilikuwepo, kizima. Marko ilimbidi akate mzizi mara mbili kwa panga ndipo miwani itoke.

Yohanes akaifuta kwa kidole. Mkono wa kulia haukuwa na skrubu. Mahali pa skrubu palifungwa waya wa shaba, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kwa ndani isimkwaruze mvaaji. Hakuwa na haja ya kuitazama mara ya pili. Waya ule aliukata mwenyewe, kwenye redio mbovu. Aliukunja mwenyewe, mezani, huku Bernadina akimwambia afanye haraka anataka kusoma Injili.

Na miwani ile aliiona mara ya mwisho usoni mwa Bernadina, ndani ya jeneza, miezi minane iliyopita.

 Kengele za Clement zililia mara moja, maana alirudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu," akasema Herman. "Ni kitu gani?"

Akiitaja ilivyo, Zita amekwisha. Akisema haijui, Zita amekwisha vilevile, kwa sharti alilolitunga yeye mwenyewe. Yohanes aliinua macho. Zita hakuwa anamwomba kitu. Alikuwa anamngoja tu, kama mwalimu anavyomngoja mwanafunzi mzito.

"Miwani," akasema.

"Ya nani?"

Jua lilikuwa limegusa ardhi.

"Ya mtu yeyote. Miwani ya kusomea. Inauzwa mnadani Katesh kila mwezi."

Akaandika hivyohivyo. Kitu cha arobaini na moja: miwani ya kusomea, chakavu, mwenyewe hajulikani. Mzizi hakuuandika. Mwandiko ulisimama wima kama kawaida, na hilo ndilo lililomchukiza. Miaka ishirini na sita alikuwa amewafundisha watoto amri ya nane, na siku ilipomfikia yeye, uongo ulitoka laini kama siagi.

Watu wakatawanyika kama waliokosa nyama ya harusi. Naye, aliyewadharau kwa siku tatu, hakupata tena mahali pa kusimama awatazame kutoka juu.

Alipofika kwake mwanga ulikuwa bado unatosha. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na minyaa. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya saruji yote, ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na ufa. Msalaba aliouchora kwa kidole saruji ikiwa mbichi ulikuwa palepale, na alama ya kucha yake ndani yake.

Akaenda nyumba ya pili, kwa shemeji yake Mectilda, mdogo wa Bernadina, aliyemvika marehemu. Mectilda alisema ndiyo, alimvalisha miwani kwa mikono yake, kwa sababu dada yake aliagiza. Alitaka aone anakopelekwa.

"Nilipotoka kumpokea padre, nani alibaki na jeneza?"

Mectilda alifikiri. "Mimi nilifuata maji. Alibaki Zita."

Yohanes alikaa. Moyo ulishuka mahali pake. Kumbe ni wizi. Mwanamke mpweke amechukua kumbukumbu ya rafiki yake, kisha ameogopa, ameizika zizini. Wizi una jina. Alimdharau Zita kwa wizi ule na papo hapo akamshukuru Mungu kwa ajili yake, na hakuona ajabu kuyafanya yote mawili kwa pumzi moja.

Mzizi hakumtajia Mectilda. Mgunga hauoteshi mzizi mnene kama kidole gumba, ndani ya udongo mgumu, kwa miezi minane. Alilijua hilo. Alisali rozari yote, na katikati ya kila fumbo mzizi ule ulikuwepo.

Alfajiri mtu aliita kwenye lango. Alikuwa Clement. Mabegi mawili mgongoni, kengele amezifunga kwa kitambaa zisilie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakimbia?"

"Naondoka." Alisogea, akanong'ona. "Betri niliweka mimi. Pembe niliweka mimi. Na lile sega tulilofukua kwenye boma la Qamara. Ile miwani sikuweka."

"Uliwaambia wafunike."

"Niliwaambia." Alitazama nyuma, upande wa kwa Zita. "Mzee, miaka kumi na moja nafanya kazi hii. Sijawahi kukuta kitu."

Akaenda zake kwa haraka, bila hata kudai posho aliyoahidiwa. Katika mambo yote aliyoyasema Clement kwa siku nne, hilo moja Yohanes aliliamini. Akajichukia kwa kumwamini.

Akafunga miwani ndani ya leso, akaenda kwa Zita. Alijiambia anakwenda kama katekista, kumkaripia mwizi na kumsamehe. Umande ulikuwa bado haujakauka. Zita alikuwa anafagia uwanja. Shimo la zizini lilikuwa limeshafukiwa, limesawazishwa vizuri, kama vile hakuna aliyechimba. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi robo.

Walisalimiana. Akafungua leso.

"Dada Zita. Uliitoa kwenye jeneza?"

Zita hakuacha kufagia. "Uliandika nini jana, shemeji?"

"Unajua nilichoandika."

"Ya mtu yeyote." Aliegemeza ufagio ukutani. Katika macho yake hamkuwa na woga, wala shukrani. "Mbele ya kitongoji kizima hukuijua. Leo tuko wawili, ndiyo unaijua."

"Nilikuokoa."

"Uliokoa sharti lako."

Alinyoosha kiganja. Kilikuwa kikavu, kimetulia.

"Nipe. Anaihitaji."

"Nani?"

Ndani ya nyumba mtu akakohoa.

Kikohozi kifupi… kikakatizwa, kama cha mtu anayeziba mdomo kwa ukingo wa shuka ili asimwamshe aliyelala kando yake. Yohanes alikuwa ndiye aliyelala kando, miaka thelathini na minane. Hakuwahi kumwambia kwamba kila mara alikuwa macho.

Harufu ya mikaratusi ikatoka kwenye ule uwazi wa mlango, taratibu, na joto la mtu ndani yake.

Hatua nne. Hazikuzidi nne kutoka aliposimama hadi mlangoni. Miezi minane alikuwa amemwomba Mungu amwonyeshe Bernadina hata katika ndoto, hata mgongo tu.

"Ni mbuzi," akasema Zita, akimtazama.

Zita hafugi mbuzi. Kitongoji kizima kinalijua hilo.

"Ndiyo," akasema Yohanes polepole. "Ni mbuzi."

Akaiweka miwani kwenye kiganja cha Zita. Akageuka. Alitembea kama watu wanavyotembea wakitoka kupokea komunyo, mikono imekunjwa, macho chini, na alikuwa amefika kwenye ua wa minyaa aliposikia nyuma yake sauti kutoka ndani ya nyumba ikiuliza jambo. Maneno hakuyashika. Jibu la Zita alilisikia lote.

"Ameondoka. Ulisema kweli, hataingia."