Shanga Kiunoni mwa Mwanasesere

Mama alinipa hotipoti ya wali na maharage nimpelekee Yasser, maana tangu asubuhi hakuwa amekuja kula. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Nikakata mitaa ya Makanyagio kwa hasira mpaka kwenye banda lake la gemu, nikipanga maneno ya kumwambia. Mimi ni dada yake mkubwa na sikujaliwa subira. Mwanaume mzima, ndevu zimeota, kutwa kajifungia na vitu vya plastiki.

Nieleze kidogo hayo mambo yao. Kuna gemu la kupigana la zamani linaitwa Kisu Moto, lina matoleo mengi. Yasser na wenzake wana grupu la WhatsApp, watu wa kila nchi, na hawachezi tu kama watu wenye akili zao. Wanachokonoa. Wanafungua mafaili ya diski kutafuta vitu ambavyo watengenezaji waliviacha humo bila kuvitumia. Wanatafuta na wanasesere waliowahi kuuzwa pamoja na gemu hilo. Siku hizo walikuwa wamemshikia bango mpiganaji mmoja mweusi tii, aliyemo kwenye mafaili lakini hajawahi kutokea kwenye gemu. Ilisemekana kuna mwanasesere wake. Hakuna aliyekuwa amemtia machoni.

Mpaka Doto, kijana wa Kisukuma wa Majimoto, alipoiona picha ya mpiganaji huyo kwenye grupu na kusema mwanasesere wake yupo kwao.

Nikasukuma mlango. Harufu ya spiriti ikanipiga puani.

"Dada, ingia ufunge," Yasser alisema kwa sauti ya chini. "Njoo uone."

Mezani alisimama mwanasesere wa kimo cha kiganja, anang'aa. Pembeni yake kulikuwa na pamba chafu, wembe, na shanga nyeupe kwenye kisahani. Uzi wake ulikuwa umekatwa, shanga bado zimo uzini.

"Doto kaniazima nimpige picha," alisema. "Yuko njiani, anakuja kumchukua."

"Na hizi shanga?"

"Kavalishwa kiunoni, mizunguko mitatu. Halafu kapakwa samli mwili mzima, sijui ndo nini. Alama ya kiwanda iko hapo hapo kiunoni, dada. Kwenye grupu hawakubali kitu chenye nyongeza. Lazima kiwe kama kilivyotoka kiwandani."

"Doto amekuruhusu?"

Akakuna shingo. "Alisema nisizivue. Nitazifunga tena, uzi ni uzi."

Nikamwambia hana adabu hata ya mbuzi. Akacheka. Nikaweka hotipoti chini, na hapo ndipo nilipoinusa samli. Alikuwa amemsugua yule mwanasesere mpaka pamba ya mwisho imetoka safi, lakini kadiri spiriti ilivyokauka, ndivyo samli ilivyozidi. Nzito. Ya kukaba koo.

"Kula kwanza," nilisema.

"Nakuonyesha kitu kimoja halafu nakula. Nimemtoa kwenye mafaili. Yuko kwenye gemu, anaonekana kabisa."

Akawasha TV. Wapiganaji wawili walitokea. Wa Yasser alikuwa akirukaruka kushoto. Kulia alisimama yule mweusi, mikono chini, ametulia. Pedi moja ya kuchezea gemu Yasser aliishika. Ya pili ilikuwa sakafuni, karibu na mguu wangu.

"Huyo nani anamchezesha?"

"Hakuna. Hana akili yoyote, anasimama tu."

Tak.

Nilitazama chini. Kitufe cha pedi ya sakafuni kilikuwa kimezama. Kikapanda chenyewe.

Kwenye TV, yule mweusi aliinua mkono akampiga mwenzake usoni. Kichwa cha Yasser kikarushwa nyuma. Nyusi yake ilipasuka, damu ikamwagika mpaka kidevuni. Alinitazama kwa mshangao, nadhani alifikiri nimempiga mimi.

Tak… tak.

Midomo. Halafu tumbo. Akajikunja akatapika maji matupu. Niliruka ukutani nikang'oa waya wa umeme. TV ikazima. Banda likabaki na mwanga kidogo wa nje, na kwenye ule mwanga nikaona vitufe vikiendelea kuzama na kupanda, haraka zaidi.

Tak tak tak…

Yasser alinyanyuliwa. Naapa sikuona mtu. Alinyanyuliwa akapigizwa juu ya meza, meza ikakatika, na mwanasesere akapondeka chini ya mgongo wake. Kitu kingine pia kililia ndani ya kifua chake, kwa mlio wa ukuni mkavu unaovunjika. Alijaribu kutambaa kuelekea mlangoni. Mkono wake wa kulia ukakanyagwa, vidole vikapinda nyuma, kimoja baada ya kingine.

Nikaikamata ile pedi. Nilidhani nikiishika itatulia.

Ilikuwa ya moto, inateleza kwa mafuta. Vidole gumba vyangu vikaenda vyenyewe kwenye vitufe. Nilivuta. Havikutoka. Nikaanza kubonyeza, mimi, kwa vidole vyangu hivi, na kila nilipobonyeza ndugu yangu alipigwa. Jino lake liliruka likagonga hotipoti.

"Dada…" alinong'ona. "Dada, acha."

"Siyo mimi," nilisema. Nikabonyeza tena.

Mlango ulifunguka. Doto alisimama na kofia ya pikipiki mkononi. Hakumtazama Yasser. Alitazama vile vipande vya plastiki sakafuni.

"Shanga ziko wapi?"

"Mtoe," nilisema. "Mtoe, anamuua."

"Ni Kulwa," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Pacha wangu. Alipigwa mnadani mpaka akafa, kwa ng'ombe ambaye hakumwiba. Kwetu pacha haachwi hivi hivi. Mama alimtafutia mwili, akakipata hicho kimwanasesere kwenye mitumba, akamfunga humo na shanga zake. Anampaka samli, anampa chakula kwanza kabla yetu. Nilimwambia Yasser asizivue."

"Mfunge tena."

"Kwenye nini? Mwili umevunjika. Haziwezi kukaa bila mwili."

Yasser hakuwa akitambaa tena. Macho yalikuwa yamegeuka, pumzi inakoroma kwenye damu. Vidole vyangu viliinuka kwa ajili ya pigo jingine. Nilijipigiza mikono ukutani mpaka pedi ikaanguka pamoja na ngozi yangu, nikaziokota shanga na uzi wake.

"Dada, subiri," Doto alisema. "Usimfunge…"

Sikusubiri. Nilimfunga mdogo wangu shanga mkononi, nikakaza fundo kwa meno.

Vitufe vya pedi vikatulia.

Yasser alivuta pumzi ndefu. Akafumbua jicho moja, lile lililobaki kufumbuka. Jicho hilo lilinipita kama halinijui, akamtazama Doto, akamsalimia Kisukuma. Yasser hajui Kisukuma hata neno. Doto akapiga magoti pale pale kwenye damu, akalia kwa sauti.

Hospitali walisema ni bahati. Mbavu zimeunga, vidole viwili havikunjiki. Watu mtaani wanajua alivamiwa na wezi. Mama anamshukuru Mungu mwanawe kapona, ingawa siku hizi Yasser hapendi tena samaki na analala akitazama mlango. Mama yake Doto anakuja toka Majimoto na maziwa, anamnywesha kwa mkono wake, na mama yangu anaona ni wema tu. Nimeshashika mkasi mara nyingi. Nikikata uzi namuua. Nisipokata, simjui anayekula mezani kwetu.

Ila simu ya Yasser ninayo mimi, na ndani yake lile grupu lipo.

Majuzi mmoja wao aliandika kwamba yule mpiganaji wa kwenye mafaili sasa ana sauti. Kila akipigwa anasema kitu, kwenye diski za watu wote. Wamefurahi mno. Wamebishana ni lugha gani, wametumiana sauti zinazokwaruza, wakakubaliana wampige zaidi na kwa muda mrefu ili warekodi vizuri. Niliandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: acheni, nawaomba, acheni. Walinicheka. Mmoja akaniuliza kama ninaijua hiyo sauti.

Halafu akatuma waliyoipata mwisho. Hiyo ilikuwa safi kabisa.

"Dada," anasema, analia, "nimekukosea nini?"