Fumbo la Kinyozi Lina Njia Mbili

"Shangazi, nishikie mkoba."

"Unaenda wapi? Mtu wako ndo kwanza kamaliza kupanga kete zake!"

"Siendi popote. Nataka mikono yote miwili."

Fundi cherehani akatoa simu. Mbele ya ukumbi, kwenye ubao mkubwa wa drafti, lilikaa fumbo la mpenzi wake, Kinyozi: kete sita nyeupe, tano nyeusi na kingi moja. Nyeupe zianze, zishinde kwa hatua saba. Wafumbuzi wanne walikuwa wamelikodolea macho, mmoja anatafuna kalamu. Dakika ishirini zikiisha bila jibu, Kinyozi ndiye bingwa.

Ila sharti ni kwamba fumbo liwe na njia moja tu. Yeyote ukumbini akiona ya pili, linatupwa.

Na yeye kaiona, jamani! Unasukuma kete ya pembeni kwanza, nyeusi zinalazimika kula, basi, kwisha habari. Hatua tano tu. Miezi mitatu Kinyozi alimjaribishia fumbo hilo, lakini kila mara alianza kwa kumwonyesha jibu. Angeona wapi lingine?

Hapo ndo akaifungua tena meseji ya asubuhi.

"Mpenzi, leo ukiona kitu chochote kwenye fumbo langu, kaa kimya. Nakuomba."

Alidhani ni woga wa mashindano. Kumbe!

Akaandika: "Ulijua lina njia mbili?"

Kwenye benchi la watunzi, Kinyozi akainamia simu.

"Tangu Jumatano. Usiniaibishe."

"Una dakika kumi na tano. Simama useme mwenyewe."

"Nisiposimama?"

"Nasimama mimi. Na kesho wazee wako wasije kuposa. Wabaki kwao."

"Yaani uniache kwa sababu ya drafti?"

"Kwa sababu ya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Siku zote hizo unakula kwetu, unanichekea usoni, kumbe una lako."

Shangazi akanyoosha shingo.

"Mnagombana?"

"Tunaongea."

"Kwa vidole? Haya."

Dakika nne zimebaki. Simu kimya. Mbili. Wafumbuzi wakaanza kuweka kalamu chini, na wateja wa saluni, wale wanaojua kushangilia kabla ya muda, wakaanza makofi.

Ilipobaki moja, Fundi akasimama.

"Mwamuzi, samahani..."

"Kaa chini!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kinyozi naye kasimama, shati limelowa jasho mgongoni.

"Kaa tu, mama. Hili langu." Akageukia mbele. "Mwamuzi, fumbo langu bovu. Lina njia mbili, na nilijua."

Akaenda mbele, akasukuma ile kete ya pembeni kwa mkono wake mwenyewe. Kila mtu akaona.

"Kinyozi kajinyoa!" mmoja akapaza sauti. Vicheko hivyo!

Nje, karibu na bomba la maji, ndipo Fundi alipomkuta ananawa uso.

"Kwa nini hukuniambia Jumatano?"

"Kila mtu mtaani unamwambia mtu wako ana akili. Niliogopa ukigundua sina."

"Tungekaa tukaliziba pamoja. Jioni moja tu."

"Najua."

"Na leo umesubiri mpaka nimesimama."

"Kweli. Usingesimama, ningenyamaza. Sikufichi."

Fundi akamtazama. Hilo jibu halikuwa tamu hata kidogo. Lakini lilikuwa la kweli, na alilitoa bila kuvutwa.

Simu ya Kinyozi ikaita.

"Baba mkubwa huyu. Anataka kujua kesho watoke saa ngapi." Akaiacha iite. "Nimwambieje?"

Fundi akaichukua, akapokea.

"Shikamoo baba... Ndiyo, ni mimi... Saa nne asubuhi, baba. Ila msichelewe kama mwanenu."