Rangi Haikazi Nati

Katika nyumba yao hapakuwa na haja ya saa ya kuamshia watu, kwa sababu kazi hiyo ilifanywa na Chiriku. Akishafumbua macho tu, mdomo nao ulifunguka. Alifagia ua huku akisimulia ndoto, akachota maji huku akiimba, na akapiga mswaki huku akieleza jambo ambalo hakuna aliyelielewa kwa sababu ya povu. Bibi ndiye aliyempa jina hilo angali mdogo, na sasa alipokuwa darasa la sita hata walimu walimwita hivyohivyo.

"Mjukuu wangu," Bibi alizoea kumwambia, "siku utakayonyamaza nitaita daktari."

Mama alikuwa fundi magari. Alitoka mapema kwenda gereji, ovaroli yake begani. Baba alikuwa fundi cherehani. Alibaki chumba cha mbele akitunga uzi kwenye sindano na kulalamika kwamba sindano za siku hizi zina matundu madogo. Kaka yake Chiriku, aliyemzidi miaka miwili, alipiga viatu rangi taratibu, kana kwamba shule ingemsubiri. Na wote, kutoka Bibi hadi Chiriku, walikuwa wakisubiri kitu kimoja: friji. Walikuwa wameliwekea akiba kwa muda mrefu.

Basi jioni moja Mama akarudi na gari badala ya friji. Tuseme lilikuwa gari kwa kuwa lilikuwa na milango. Lilivutwa kwa kamba nyuma ya lori, likaingizwa uani kwa kusukumwa. Lilikuwa la mtindo wa zamani, lenye mgongo wa mviringo na taa mbili za duara zilizotazama mbele kwa mshangao. Rangi ilikuwa imebabuka, sakafu imeliwa na kutu, na mwenyewe wa zamani alikuwa amefuga kuku ndani yake. Kaka alipeleka mkono chini ya kiti cha nyuma akatoa yai.

Bibi alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Mkwe wangu," alisema, "umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Mama, mbuzi huyu nimemfungua mdomo nikamtazama meno," Mama akajibu. "Injini yake ni nzima. Magari ya namna hii hayatengenezwi tena, na bei yake ni ndogo kuliko ya friji. Tutalifufua wenyewe, sote tuliomo humu ndani."

"Na maji ya baridi nitanywea wapi? Kwenye rejeta?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kabla ya kuingia ndani, Bibi alipitisha kiganja chake juu ya mgongo ule wa mviringo, akaupigapiga kidogo. Ndiye aliyelipa gari jina. Aliliita Kobe.

Tangu siku hiyo Jumamosi zote zikawa za Kobe. Mama alifungua injini na kuirudisha. Baba alishona viti upya, akidai kwamba hajawahi kupata mteja mtulivu kama huyo. Kaka alipiga msasa milango mpaka vumbi la kutu likamfanya aonekane mzee. Chiriku alisafisha vipuri kwa brashi na kuvisimulia habari za shule, navyo vilimsikiliza vizuri kuliko watu. Bibi alikaa mlangoni akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Kila alipopita jirani mwenye duka, aliuliza kutoka nje ya geti, "Huo mkweche ukianza kutaga tena, mtaniuzia mayai?"

Mama alileta nyumbani sheria moja ya gereji. Kila aliyekaza nati aliitia alama ya rangi, ili wengine wajue kwamba imekazwa, na wajue nani aliyeikaza. Mama alitumia rangi nyekundu, Baba buluu, Kaka nyeupe na Chiriku njano. Vikopo vyao vinne vilipangwa kwenye kizingiti cha dirisha.

"Kaza, kagua, ndipo upake," Mama aliwaambia. "Nikiiona rangi yako, nimeelewa kwamba umemaliza. Rangi ni neno lako."

Chiriku alikuwa na maneno mengi, lakini hilo la njano alilipenda kuliko yote. Kila jioni alizunguka gari akihesabu alama zake na kuzilinganisha na za Kaka.

Hatimaye ikabaki kazi ya magurudumu. Ilikuwa Jumamosi alasiri, na kesho yake Kobe angetoka kwa mara ya kwanza. Mama alilinyanyua gari kwa jeki na kugawa kazi, kila mtu gurudumu lake. Chiriku alipewa la nyuma, upande wa kushoto.

"Kwa sasa nati mnazizungusha kwa mkono tu," Mama alieleza. "Gari likishuka chini, ndipo kila mtu akaze kwa spana, kwa nguvu zake zote. Spana ni moja, kwa hiyo tutapokezana."

Walizungusha nati, gari likashushwa. Mama akakaza lake, akapaka, kisha akaenda kurudisha jeki stoo. Spana ikaenda kwa Baba, halafu kwa Kaka, ambaye hakuwa na haraka hata siku moja.

"Subiri, mtoto," Kaka alisema. "Wa mwisho ni wa mwisho."

Chiriku hakupenda kuwa wa mwisho. Akaona asikae bure. Akachovya brashi yake, akazitia nati zake zote rangi ya njano, ili spana ikifika abakize kukaza tu. Ndipo rafiki yake wa nyumba ya pili akamwita getini. Kamba ilikuwa imeshaanza kuzungushwa barabarani. Akajiambia ataruka raundi moja, kisha arudi.

Raundi moja ilizaa nyingine. Chiriku alipokuwa akiruka, Mama alirudi kutoka stoo, akalizunguka gari, akaona nyekundu, buluu, nyeupe na njano, akaridhika na kuifungia spana kwenye buti. Chiriku aliporudi alikuta watu wananawa mikono kwa ajili ya kula. Akanawa, akala, akasimulia jinsi alivyowashinda wenzake wote kwenye kamba, na habari za nati zikamtoka kabisa kichwani.

Asubuhi ya Jumapili majirani walijaa nje ya geti. Wengine walikuja kupongeza, wengine walikuja kucheka, na jirani mwenye duka alikuja kwa yote mawili. Bibi aliketi mbele, mkoba juu ya mapaja. Baba, Kaka na Chiriku walibanana nyuma, na kila mmoja alikuwa amevaa nguo zake nzuri. Walikuwa wamepanga kushuka mteremko hadi darajani, kisha kurudi. Mama aliwasha injini, Kobe akakohoa mara mbili na kutulia.

"Fundi," jirani mwenye duka alisema dirishani, "una hakika? Mteremko ule hauna huruma, na daraja lenyewe jembamba."

"Nina hakika," Mama alijibu. "Kila nati ya gari hili ina mwenyewe, na wenyewe wote wamo humu ndani."

Chiriku alikuwa katikati ya sentensi. Sentensi ile haijamalizika mpaka leo.

Aliliona gurudumu lake. Aliziona alama za njano zinavyong'aa juu ya nati ambazo hakuna spana iliyozigusa. Akawaza kwamba labda nati zitashika, maana ni darajani tu na kurudi. Akawaza jinsi jirani mwenye duka atakavyocheka, jinsi Kaka atakavyomtania hadi amalize shule, na jinsi Mama atakavyokiondoa kile kikopo dirishani. Kisha akamtazama Bibi kwa nyuma, kilemba chake kipya kimekaa sawasawa, akasikia hofu kubwa kuliko aibu yote ile. Kobe alikuwa ameshaanza kusogea kuelekea getini.

"Mbona kimya?" Bibi akauliza bila kugeuka. "Chiriku, unaumwa?"

"Mama, simama," Chiriku alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Sijakaza."

Gari likasimama. "Hujakaza nini?"

"Nati zangu. Nilizipaka rangi kabla ya kukaza, halafu nikaenda kuruka kamba. Nikasahau."

Mama alizima injini. Hakufoka. Alishuka, akafungua buti, akatoa spana na kuufungua mlango wa nyuma. "Haya," alisema. "Mwenye njano ashuke."

Chiriku alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la sikukuu, mbele ya mtaa mzima. Akaweka spana kwenye nati ya kwanza, akavuta kidogo tu, nayo ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Ya pili ikafanya vivyo hivyo. Kaka, aliyekuwa ameanza kucheka, akaacha. Jirani mwenye duka aliutazama mteremko, kisha akamtazama Bibi ndani ya gari. Machozi yakamdondoka Chiriku.

"Nilitaka kurudi," alisema.

"Najua," Mama alisema. "Kaza."

Alikaza kwa nguvu zake zote, akining'inia kwenye spana mpaka nati ikakataa kwenda mbele. Alikagua moja moja. Kisha Mama akampa kipande cha msasa, naye akafuta rangi ya jana, akapaka upya.

"Na mimi nimekosa," Mama aliwaambia wote. "Gurudumu hukaguliwa mara mbili, lakini jana nilitazama rangi tu."

Akachukua spana akajaribu magurudumu mengine. Lake lilikuwa imara. La Kaka lilikuwa imara, na Kaka akahakikisha kila mtu ameona. Kwenye gurudumu la Baba, nati moja ilisogea. Baba akakohoa.

"Hiyo nadhani ni baridi ya usiku," alisema.

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na Bibi ndiye aliyecheka zaidi. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama," Baba akakubali, akachutama kweli na suruali yake iliyopigwa pasi, akaikaza nati yake.

Chiriku alijifuta uso. "Mama, utaninyang'anya kikopo changu?"

Mama aliinama mpaka macho yao yakalingana.

"Baba yako alikaza, akadhani imetosha. Hilo ni kosa la mkono, na mkono hufundishika. Wewe ulituambia umemaliza kazi ambayo hujaianza. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu linamponza anayekuamini. Rangi haikazi nati, mwanangu, na kusema nimefanya si kufanya. Ungenyamaza, ningekiondoa kikopo chako hata kama tungerudi salama. Lakini umesimamisha gari mbele ya watu wote hawa ukasema ukweli, na ukweli wa namna hiyo ni mzito kuliko spana. Kikopo ni chako. Na kuanzia leo, nati za magurudumu yote utazikagua wewe."

Wakapanda. Kobe akatoka getini, akashuka mteremko polepole kama jina lake, huku watoto wakikimbia pembeni yake. Chiriku hakusema neno njia nzima. Alikuwa akisikiliza magurudumu.

Walipofika darajani Mama aliegesha kando ya barabara. Kabla hajaambiwa, Chiriku alishuka na spana. Alilizunguka gari lote, akijaribu nati moja baada ya nyingine, nyekundu, buluu, nyeupe na njano, mpaka akarudi alipoanzia. Hakuna hata moja iliyosogea. Akaingia ndani akafunga mlango.

"Zote zimekazwa," alisema, na hakuongeza kitu.

Mama hakushuka kutazama. Aliwasha injini, akageuza gari kuelekea nyumbani. Hawakuwa wamefika hata nusu ya mlima, Chiriku akaanza kumsimulia Bibi, tangu mwanzo, hadithi ya msichana mmoja aliyejua sana kuruka kamba.

"Afadhali," Bibi akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kufikiria daktari."