Mashine Ilipomuuliza Rihab

Kila asubuhi Rihab alishuka kununua mkate, maharage na jibini. Kwanza alipitia mashine ya pesa iliyo mlangoni mwa duka, akatoa pauni za Misri za kutumia siku hiyo tu. Ndivyo alivyolelewa kwao Amman, Jordan: mwanamke hatembei na pesa nyingi mji wa watu. Mashine ilipomuuliza akatwe kwa dinari au kwa pauni, alibonyeza dinari. Dinari, pesa ya kwao, anaijua.

Walikuja Cairo kutibu macho ya mumewe, Baba Yazan. Jicho moja lilishapasuliwa. La pili lilingoja mwisho wa mwezi.

Siku moja mtoto wao akapiga simu kutoka Amman. "Mama, mnakula dhahabu huko? Akaunti inakauka! Mkiendelea hivi, jicho la pili mlisahau."

Rihab akaketi ngazini akilia. Jirani yao Bi Nagwa, aliyefanya kazi Kuwait miaka mingi, akamkuta hapo.

"Kafa nani, Mama Yazan?"

Rihab akamweleza. Bi Nagwa akapandwa na hasira.

"Wanyonyaji! Kila ukitoa, hata kidogo, benki yako inakata ada. Wewe unatoa kila siku, nao wanakukata kila siku."

"Na dinari je?"

"Hapo ndipo wanapokumaliza. Ukichagua dinari, mwenye mashine anabadilisha kwa bei aipendayo yeye. Chagua pauni, pesa ya hapa. Benki yako ndiyo ibadilishe. Kwa kawaida huwa nafuu."

"Lakini waliniuliza kwa adabu!"

"Tajiri wangu wa Kuwait alinikaribisha chai siku aliyonidhulumu mshahara, mwenzangu. Sijasahau mpaka leo."

Rihab akaipigia simu benki yake Amman. Akauliza ada zao, na kadi inaruhusu kutoa kiasi gani kwa mara moja. Kisha yeye na Bi Nagwa wakaenda kwenye mashine ya benki, si ile ya dukani yenye ada yake nyingine. Swali likatokea. Akabonyeza pauni. Akatoa za wiki nzima, akazifunga ndani ya nguo.

Zilizoliwa hazikurudi. Zilizobaki zilitosha, kwa taabu.

Siku bandeji ya jicho la pili ilipotolewa, Baba Yazan alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Mama Yazan, mbona umekonda?"

"Na wewe mvi zimekujaa, mzee. Ila mimi nilikuwa naziona nikanyamaza."