Ngoma Isiyojibu

Treni kutoka Dar es Salaam ilikuwa imechelewa, na stesheni ya Tabora ilikuwa imejaa watu, magunia na harufu ya dagaa wa Kigoma. Tanzila alikuwa amekuja kupokea mitambo yake. Alivaa shalwari ya kijani na mtandio mweupe ambao vumbi lilikwisha kuuharibu. Nyuma yake, juu ya gunia la karanga, kijana mrefu mwenye kofia ya vito alikuwa akipiga udi. Hakupiga wimbo wowote unaojulikana. Mchukuzi akipaza sauti, nyuzi zilimjibu. Mtoto akilia, nyuzi zilimfuata mpaka akanyamaza. Tanzila akatoa simu na kuanza kurekodi.

"Dada, unanirekodi kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya masikio yangu, kaka. Yamekataa kuondoka."

Kijana akacheka. Aliitwa Majidi, mkazi wa Gongoni, mpigaji wa harusini. Tanzila naye akajieleza: binti wa mzee Zeeshan mwenye duka la vitambaa, mtafiti wa chuo kikuu, amerudi nyumbani kujaribu mtandao wa kasi ambao ungewawezesha wapigaji wawili walio mbalimbali kupiga pamoja kana kwamba wameketi mkeka mmoja. Kwenye simu za kawaida, alisema, sauti huchelewa kidogo, na katika muziki kidogo hicho huharibu kila kitu. Alihitaji mtu anayepiga bila kupanga.

Hivyo Majidi akawa anakuja kila alasiri kwenye chumba kilicho juu ya duka. Akivaa spika za masikioni, mzee Ngollo, mkulima wa tumbaku na mpiga ngoma, alimjibu kutoka Urambo. Mmoja aliuliza, mwingine akajibu, na Tanzila akatazama mitambo yake, kisha taratibu akaanza kumtazama zaidi mpigaji. Jioni walipigiana simu.

"Mhandisi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Bila mimi? Ndiyo maana sauti yako imechelewa kufika."

Siku ya maonyesho ya mtandao huo wafadhili wa mradi walikuja, na ukumbi ukajaa. Majidi alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka kama karatasi. Alipokwisha kuanza, Tanzila aliona kwenye kompyuta yake kwamba laini ya Urambo imekatika. Alikuwa na ngoma ya Ngollo iliyorekodiwa mazoezini. Akaibonyeza ilie badala yake. Ukumbini hakuna aliyetambua.

Majidi alitupa swali kwenye nyuzi kama walivyozoea. Ngoma ikapita bila kumjibu. Akatupa jingine, ngoma ikapita tena. Akamtazama Tanzila, naye akainamisha macho. Majidi alipiga mpaka mwisho, watu wakashangilia, kisha akautia udi kwenye mkoba wake na kutoka kwa mlango wa pembeni.

Tanzila alimpigia akiwa bado ukumbini.

"Ngollo alikuwa wapi?" Majidi aliuliza.

"Laini ilikatika. Niliogopa mradi utakufa."

"Ungeniambia, ningepiga peke yangu. Umeniacha nazungumza na ukuta mbele za watu."

Akakata, na baada ya hapo hakupokea tena. Tanzila alidhani ni majivuno ya wasanii. Muziki ulikuwa mzuri, watu walifurahi. Kosa lilikuwa wapi? Wafadhili walimpongeza na kumwahidi mradi mkubwa zaidi. Alipokaa kusikiliza maonyesho yale ili aandae ripoti, ndipo alipopasikia: mahali udi uliponyamaza, ukasubiri, ukakosa jibu, ukaendelea. Alirudia mahali hapo mara nyingi. Kisha akawapigia wafadhili akawaambia ukweli. Wakamshukuru kwa adabu na kujitoa. Baba yake alisema ameitupa riziki kwa mkono wake mwenyewe.

Alipopata habari kwamba Majidi yuko Urambo, alipanda basi. Aliwakuta wanapiga uani kwa Ngollo, kando ya bani la kukaushia tumbaku.

"Shikamoo, mzee Ngollo."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaweka ngoma chini, akasema anakwenda kutazama moto.

Tanzila alieleza yote akiwa amesimama. Majidi alisikiliza huku akikaza uzi uliokuwa tayari umekazwa.

"Sina mradi tena," akamaliza.

"Mradi sikuuchumbia."

"Na mimi pia hujanichumbia."

Majidi akauweka udi chini. "Nikileta wazee kwa baba yako, atawapokea?"

"Atawapokea. Lakini atakataa."

"Tutarudi."

Mzee Zeeshan alikataa kweli, kwa upole, akisema binti yake hajasoma miaka yote hiyo aolewe na mtu wa harusini. Wazee wa Gongoni walimshukuru na kuondoka. Walirudi baada ya mfungo wa Ramadhani, Majidi akiwa pamoja nao. Safari hiyo aliwaketisha sebuleni, akaita chai iletwe, na kabla haijafika akamwuliza Majidi kama udi wake ameuacha nyumbani, kwani alitaka kuusikia.