Jogoo Asiyefika Kamachumu

Kila jioni nikitoka madrasa, kazi yangu ni kuchota maji bombani, na hapo bombani watoto wa mtaa wetu wa Bakoba hukutana kupiga soga. Ijumaa ile nilikosa habari ya mtu wa kumsema, basi nikajisema mwenyewe.

"Kesho naenda Kamachumu," nilimwambia rafiki yangu Sada. "Kwa baiskeli!"

"Wewe, Yasmin?" Sada alitua ndoo yake chini. "Wewe unayehema ukipanda ngazi za darasani?"

"Subiri uone."

Nilidanganya. Ukweli ni kwamba shangazi yangu Mwajuma, mwalimu wa hesabu, kila likizo huenda Kamachumu kumwona bibi kwa baiskeli, akilala njiani kwa rafiki yake wa Muhutwe. Mwaka huu alikubali kunichukua, ila kwa sharti.

"Jumamosi hii twende Kyetema na kurudi, tukiwa na mizigo yetu yote," alisema. "Ukiweza, Jumamosi inayofuata ndiyo Kamachumu. Ukishindwa, utapanda basi na mama yako."

Kyetema! Kyetema ni pua na mdomo. Ningeanzaje kujisifu mbele ya watu kwa safari ya Kyetema?

Nilisahau jambo moja. Kwetu, mtu akisikia unasafiri hakutakii safari njema tu, anakuletea na mzigo. Kabla ya magharibi, mama akiwa bado sokoni, Mzee Karugendo alibisha hodi na furushi la dagaa. "Mpelekee mkwe wangu. Kule Kamachumu ziwa liko mbali." Akafuata Mama Rwegasira na sufuria ya binti yake aliyeolewa huko. Mwisho akaja Bibi Kokwijuka na jogoo wa mbegu, mkubwa, mwenye macho ya ugomvi, amefungwa miguu.

"Wa dada yangu," alisema. "Kuku wake hawana mume, maskini!"

Ningesema ukweli pale pale, lakini aibu ilinifunga mdomo. Nikapokea vyote, nikavificha stoo.

Asubuhi shangazi aliitazama keria ya baiskeli yangu. "Furushi hilo la nini?"

"Nguo, shangazi."

"Mbona zinanuka dagaa?"

"Ni za zamani."

"Na hilo tenga ulilolifunika khanga?"

"Chakula cha njiani."

Shangazi alipanda baiskeli yake, tukaondoka.

Mpaka Rwamishenye nilikuwa naimba. Kisha kikaja kilima cha kwanza, na wimbo ukaniishia. Sufuria ikagonga fremu ngo! ngo! ngo! Katikati ya kilima, chakula cha njiani kikawika. Nilishtuka, usukani ukayumba, nikaangukia shambani kwa watu, miguu juu!

Sikuumia. Lakini dagaa walitapakaa, na sufuria ikabingirika mpaka miguuni pa kijana wa bodaboda. "Dada, unahama?" aliuliza. Jogoo naye kamba ililegea, akatimua mbio. Tulimkimbiza mimi, shangazi na yule kijana, huku mwenye shamba akipiga kelele, "Mawe, mama yangu! Kahawa yangu jamani!" Hatimaye shangazi alimrushia jogoo khanga, akamkamata.

Aliketi kando ya barabara, jogoo kwapani, jasho likimtiririka. "Chakula chako kina mbio," alisema. "Ni cha nani?"

Machozi yalinitoka. Nikasema yote, tangu bombani mpaka stoo. "Basi Kamachumu siendi tena," nikalia.

"Sijasema hivyo. Tunarudi. Mizigo hii ina wenyewe. Utabisha hodi kila mlango, useme hayo uliyoniambia. Mimi nitasimama nje, sitakusaidia hata neno moja."

Milango ile mitatu ilikuwa migumu kuliko kilima. Mama Rwegasira alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi Kokwijuka alimkagua jogoo wake, akasema afadhali ametembea kidogo. Lakini Mzee Karugendo hakucheka.

"Mjukuu wangu, mkwe wangu nimekwisha kumpigia simu," alisema. "Yuko barabarani anakungoja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Nisamehe, babu. Mwambie nilidanganya."

Alinipa simu. "Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Yule mkwe akanishukuru kwa kumwondoa juani.

Tulipofika nyumbani niliegemeza baiskeli ukutani, nikangoja hukumu.

"Harufu ya dagaa niliijua tangu asubuhi," alisema shangazi.

"Mbona hukunizuia?"

"Safari fupi ya kwanza ni ya kufanyia makosa, Yasmin. Kilima kikikushinda karibu na nyumbani, unarudi. Uongo nao ni vivyo hivyo. Ukiukiri mapema, kurudi si mbali. Ukiubeba mpaka Kamachumu, nani atakusaidia kuurudisha? Leo umebisha hodi milango mitatu bila kuongeza wala kupunguza neno. Mtu wa namna hiyo naweza kusafiri naye."

Nilirukaruka kwa furaha. "Kwa hiyo Jumamosi ijayo ni Kamachumu?"

"Kamachumu haihami, tutafika," alisema, akichomoa nyoya la jogoo nyweleni mwangu. "Jumamosi ijayo ni Kyetema. Leo hatukufika."